Kutu Huanzia Chini ya Kidato

Alfajiri, ukungu wa Burnt Forest ukiwa bado umelalia barabara ya Nakuru–Eldoret, abiria wa kwanza huingia kwenye matatu akiwa na gumboti zenye tope la shamba la viazi. Wa pili hutupa gunia mlangoni kisha akalisukuma ndani kwa goti. Wa tatu ni makanga mwenyewe, anayerukia gari likishaanza kutembea. Wote watatu wamekutana na kipande kimoja cha chuma, kidato cha mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyekitazama.

Kidato hutazamwa siku rangi inapobambuka na wekundu kuchungulia. Hapo mwenye gari humtafuta fundi, jioni kinapigwa rangi nyeusi, asubuhi kinang'aa. Msimu mmoja wa mvua ukipita, wekundu umerudi palepale, mara nyingine na tundu juu yake. Lawama huenda kwa rangi, kwamba ilizidishwa thina dukani, au kwa fundi, kwamba alilipua kazi. Mara nyingi zote mbili zinakosea shabaha. Rangi ya kidato hushindwa kwa sababu mbili ambazo aliye juu hazioni: upande wa chini, ambao brashi haikufika, na saa ambayo kazi ilifanywa.

Ukungu usiohitaji bahari

Watu wa bara hupenda kuamini kwamba kutu ni shida ya Mombasa, huko upepo unakobeba chumvi. Kwa kiasi wako sahihi, maana chumvi huiharakisha mno. Lakini kutu haihitaji bahari wala joto. Inahitaji maji na oksijeni tu. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60, utando wa maji usioonekana kwa macho huushika uso wa chuma na kazi ikaanza bila tone la mvua kudondoka.

Burnt Forest ina unyevu wa kutosha. Mji huu wa kaunti ya Uasin Gishu uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Eldoret yenyewe, na ukiendelea kupanda kuelekea Timboroa unakuta reli ikipita kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700. Mvua huanza mwezi wa Machi au Aprili na kuendelea, kwa vipindi, hadi Septemba. Usiku ni baridi, na chuma kilichoachwa nje hupoa haraka kuliko hewa inayokizunguka. Kwa hiyo gari lililolala uwanjani huamka limelowa hata kama nyota zilionekana usiku kucha.

Ndani ya utando huo wa maji, chuma hugeuka betri ndogo. Sehemu moja hutoa elektroni na kuyeyuka. Sehemu ya jirani huzipokea, oksijeni ikisaidia. Kinachobaki ni oksaidi ya chuma iliyoshika maji, ule unga mwekundu. Sufuria ya alumini nayo hushambuliwa na hewa, ila oksaidi yake hushikamana ikawa ngao inayozuia mashambulizi zaidi. Kutu haina adabu hiyo. Ni ya vinyweleo, hunyonya maji kama sifongo, na huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi iliyopigwa juu ya kutu huvimba kama ngozi iliyoungua kabla ya kupasuka: inasukumwa kutoka chini.

Kuna chumvi nyingine isiyotoka baharini. Huku ni nchi ya mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa, na msimu wa kupanda ukifika mbolea husafiri kwa kila chombo chenye magurudumu. CAN, ambayo wakulima huweka mahindi yakishaota, kikemia ni mchanganyiko wenye chumvi ya amonia na naitreti. Punje chache zikimwagika kwenye kona ya kidato hufyonza unyevu wa hewa, zikawa maji yanayokula chuma. Anayefagia kona hiyo kila jioni anakisaidia kidato kuliko anayekipiga rangi mara mbili kwa mwaka.

Baadhi ya magari nayo huja na kutu yake. Kiwango cha KS 1515 kinakataza kuingiza Kenya gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini umri hausemi gari lilikuwa likiishi wapi. Toyota Hiace iliyopitisha majira ya baridi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji, inaweza kuteremka melini ikiwa nyeupe na safi huku mikunjo ya bati chini ya mlango imekwisha kuliwa.

Upande ambao brashi haifiki

Ukilala chali chini ya gari ndipo unapoelewa. Kidato cha Hiace ni bati lililokunjwa na kuunganishwa kwa nukta za kuchomelea, na juu yake hufunikwa kwa plastiki au mpira ili abiria wasiteleze. Mpira huo huzuia miguu kuteleza na vilevile huzuia maji kutoka. Kidato cha basi lililojengewa bodi humu nchini, au cha lori, kwa kawaida huwa fremu ya chuma cha pembe iliyobebeshwa bamba la vinundu. Hicho ni kinene zaidi, lakini nacho kina maficho yake. Pale bamba linapokutana na fremu, fundi huchomelea vipande vya inchi moja moja na kuacha nafasi katikati. Mwanya huo mwembamba kama unywele hupokea maji na hauyarudishi. Tope linalorushwa na tairi hujaza kona na kukaa bichi kwa siku kadhaa baada ya barabara kukauka.

Kwa hiyo kutu huanzia chini na ndani, ikatokeza juu mwishoni. Siku mwenye gari anapoliona doa jekundu kwenye ukingo, doa hilo huwa ni habari iliyochelewa.

Mafundi wenye uzoefu hawaanzi na brashi. Huanza na nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima kikigongwa hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu. Bisibisi ikisukumwa kwa nguvu ya mkono na ikazama, suala la rangi limekwisha na suala la kukata limeanza: kipande kibovu kinaondolewa hadi kwenye chuma kizima, kipya kinachomelewa. Anayejaza tundu kwa puti ananunua muda mfupi sana. Puti hufaa kwenye mlango au bawa la gari, ambako hakuna anayekanyaga. Chini ya kisigino cha mtu wa kilo 80 anayeruka, hupasuka, na ufa wake unakuwa mfereji mpya wa maji.

Hapa pia ndipo desturi moja ya gereji inapostahili kupimwa upya: kupulizia oili chafu chini ya gari baada ya kuliosha. Kwa siku chache inasaidia kweli, kwa kuwa mafuta huyafukuza maji. Halafu vumbi hushikamana nayo, ikawa uji mweusi unaotunza unyevu, mipira ya gari hulainika na kuharibika, na oili yenyewe hudondokea ardhini na kuingia mtaroni. Tatizo kubwa zaidi huja siku ya kupaka rangi. Chuma kilichonywa oili hakishiki kitu. Akianza kusaga kwa grainda kabla ya kuiondoa kwa maji ya moto, sabuni na thina, fundi huisambaza tu na kuisukuma ndani ya mikwaruzo.

Kung'aa si kuwa safi

Kimataifa kuna lugha ya kupima usafi wa chuma kabla ya rangi. Kiwango cha ISO 8501 kinatumia herufi: St 2 na St 3 kwa chuma kilichosafishwa kwa zana za mkono au za umeme, na Sa kwa kilichopigwa mchanga kwa mgandamizo wa hewa, Sa 2½ ikiwa karibu na chuma kitupu. Kando ya barabara kuu hakuna anayetaja herufi hizo, lakini tofauti zake zipo. Gereji yenye brashi ya waya, msasa na grainda inaweza kufikia St 3 ikijitahidi. Kupiga mchanga kunahitaji kompresa kubwa na mahali pa kuzuia vumbi, gharama ambayo kidato kimoja hakiwezi kuibeba.

Hatari ya zana za umeme ni kwamba hudanganya macho. Brashi ya waya inayozunguka kwa kasi huisugua kutu ngumu hadi ing'ae kama chuma, na fundi huridhika na kitu ambacho bado ni kutu iliyopigwa msasa. Uso huo pia huwa laini mno, rangi haipati pa kujishikiza. Dawa ni kumaliza kwa msasa mkavu wa chembe kubwa hadi chuma kiwe na rangi moja ya kijivu isiyo na vidoa vyeusi mashimoni, kisha kukiosha kwa maji safi kuondoa chumvi, kukikausha mara moja na kukipaka siku hiyohiyo. Kikilala wazi usiku mmoja tu, asubuhi kina utando wa rangi ya chungwa.

Kwa vishimo ambavyo msasa haufiki, kuna vimiminika vinavyogeuza kutu. Vingi hutumia asidi ya fosforiki au tanini, ile dutu iliyomo kwenye majani ya chai na magome ya miti. Tanini ikikutana na chuma huzaa kitu cheusi kisichoyeyuka kirahisi. Yeyote aliyemenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma akakiona kikiwa cheusi amelishuhudia tendo hilo jikoni. Uasin Gishu ilikuwa na hazina ya dutu hiyo: miwati ya uwanda huu ilipandwa kwa sababu ya magome yake, na kampuni ya EATEC ilikuwa na kiwanda Eldoret kilichokamua tanini kwa ajili ya viwanda vya ngozi, kabla ya mashamba yake kugawanywa na kuuzwa. Lakini vigeuza kutu vina mpaka wake. Hufanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshikamana. Juu ya magamba, humgeuza fundi kuwa mpaka-rangi wa magamba.

Rangi nyekundu na ukingo wake

Rangi ya kwanza kwenye chuma nchini Kenya karibu kila mara ni redoksaidi. Jina hilo lina kichekesho chake: wekundu wake unatokana na oksaidi ya chuma, ndugu wa kutu yenyewe. Tofauti ni kwamba punje hizi zimekwisha kutulia, haziwezi kuoza tena, na zimefungwa ndani ya gundi inayoziba njia ya maji. Zamani kazi hiyo ilifanywa na risasi nyekundu, iliyokuwa bora kwa chuma na sumu kwa watu. Kenya sasa inaweka ukomo wa sehemu 90 za risasi kwa milioni katika rangi. Lakini basi la zamani linaweza kuwa na tabaka za miongo iliyopita, na anayezisaga bila barakoa anavuta historia hiyo mapafuni. Tahadhari inamhusu pia anayechomelea chuma kilichopakwa zinki: moshi wake huleta homa saa chache baadaye. Wachomeleaji wengi hunywa maziwa kama kinga, na Burnt Forest ina maziwa tele, ila kinachomlinda fundi ni kusaga zinki ile kwanza na kukaa upande upepo unakotoka.

Kwenye unene wa rangi ndipo hesabu inapokuwa kali. Tabaka moja la rangi ya mafuta lililopakwa kwa brashi, likikauka, huwa na takriban maikroni 30 hadi 40, karibu nusu ya unene wa unywele wa kichwani. Tena tabaka hilo halilingani. Rangi mbichi huukimbia ukingo mkali na kujikusanya kwenye uwanda, kwa hiyo mahali palipo na rangi nyembamba kabisa ni ukingo wa mbele wa kidato, palepale soli inapogonga. Fundi anayejua huupiga tupa ukingo hadi uwe wa mviringo, huupaka peke yake kwanza pamoja na mistari ya kuchomelea na vichwa vya bolti, kisha ndipo anapaka kidato kizima. Redoksaidi mara mbili, rangi ya juu mara mbili, mchanga mkavu uliochekechwa ukinyunyizwa juu ya tabaka la kabla ya mwisho ili mguu usiteleze. Na matundu mawili ya kutolea maji kwenye kona ya chini kabisa, yakipakwa rangi hadi ndani.

Kwa wanaodhani siri iko kwenye mkebe, mfano wa Uskoti unafaa. Daraja la reli la Forth, lililofunguliwa mwaka wa 1890, lilikuwa mithali ya kazi isiyokwisha: ilisemekana kwamba mafundi wakimaliza kulipaka upande mmoja wanarudi kuanza upya. Mwaka wa 2011 mradi wa karibu muongo mmoja ulikamilika, na rangi mpya ya epoksi yenye vipande vya kioo ikatarajiwa kudumu miaka 25 au zaidi. Rangi ilikuwa bora, ndiyo. Lakini kabla yake, tabaka za zaidi ya karne nzima ziling'olewa hadi kwenye chuma kitupu.

Hesabu ya siku dhidi ya umande

Matatu haina siku ya kupumzika. Dereva anapaswa kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku, na kila saa gari likiwa gereji ni saa ambayo hesabu hiyo haikusanywi. Kwa hiyo matengenezo yasiyozuia gari kutembea husukumwa hadi jioni, baada ya safari ya mwisho, au alfajiri kabla ya ya kwanza. Kwa breki au taa, mpango huo una maana. Kwa rangi, ni saa mbaya kuliko zote.

Wapakaji wa chuma hufuata kanuni moja duniani kote: uso wa chuma uwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kushuka. Chukua jioni ya nyuzi 12 yenye unyevu wa asilimia 90, hali isiyo ya ajabu kwenye kimo hiki. Umande utashuka kwenye nyuzi 10 na nusu hivi. Chuma basi kinatakiwa kiwe na zaidi ya nyuzi 13, yaani kiwe na joto kuliko hewa yenyewe, na kidato kilichoegeshwa nje usiku huwa kinyume chake. Rangi inapakwa juu ya maji yasiyoonekana. Aidha baridi huchelewesha kukauka, na epoksi ya kawaida ya mikebe miwili husuasua chini ya nyuzi 10. Asubuhi kidato kinaonekana kimekauka juu. Ndani rangi bado ni laini, na gumboti ya kwanza inaichana.

Saa za rangi hapa ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa limekipasha chuma moto na kabla ukungu haujarudi. Miezi yake ni Desemba hadi Februari. Ni saa zilezile ambazo abiria ni wengi, na mwezi wa Desemba ndio ule ambao nauli hupanda. Jina la jua kali kwa mafundi wanaofanya kazi mahali pa wazi linapata maana ya pili huku: bila jua, kazi hii haifanyiki.

Sheria haimsukumi sana mwenye gari kutazama chini. Kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliweka mikanda, vidhibiti mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na ule mstari wa manjano ubavuni wenye upana wa milimita 150. Baadaye mabasi ya shule yakatakiwa yawe ya manjano. Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Yote hayo yamewafanya wamiliki wazoee kupaka rangi kwa ratiba, na rangi inayopimwa kwa macho ni ile ya ubavuni.

Njia ya kutoka kwenye mtego huu ipo, na ni ya bolti. Kidato kilichofungwa kwa bolti nne badala ya kuchomelewa kinaweza kufunguliwa kwa nusu saa na cha akiba kikawekwa mahali pake. Kile kibovu hubaki gereji siku tatu, kikapigwa jua pande zote, na upande wa chini ukatazama juu kwa mara ya kwanza. Kinaweza hata kupelekwa Nairobi kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi, na zinki hiyo hukubali kuliwa kwanza badala ya chuma. Ni gharama ya mara moja inayomtaka mwenye gari afikirie miaka, ilhali gari lenyewe huendeshwa kwa hesabu ya siku. Si sasi zote za mabasi zinazoruhusu hilo, na Hiace ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa kidato chake ni sehemu ya bodi. Huko hakuna ila kulala chali.

Mara mojamoja hupita kwenye barabara hiyohiyo aina nyingine ya gari: nyumba ya magurudumu ya wasafiri kutoka Ulaya wanaoelekea Uganda, wengine wakilala kambi ya Naiberi nje ya Eldoret. Kidato chao hukunjwa chini ya mlango, kwa hiyo kina bawaba ambazo hazitakiwi kupakwa rangi bali grisi, na mara nyingi kimefungwa kwa bolti za chuma kwenye bodi ya alumini. Metali mbili zikikutana penye unyevu, dhaifu huliwa, na hapo dhaifu ni alumini. Mbali na hayo, shida ni ileile ya matatu, tope la tairi na tumbo lisilopakwa. Wanachomzidi mwenye matatu ni muda. Wanaweza kuegesha siku mbili na kusubiri jua.

Jumapili, saa tano na nusu, gari limeinuliwa jeki kando ya steji na fundi amelala juu ya katoni, brashi imeelekea juu, redoksaidi ikimdondokea kiwikoni. Sehemu anayokanyaga abiria bado ni kijivu. Anayepita anaona kazi haijaanza. Makanga anachungulia na kuuliza kama kesho saa kumi na moja alfajiri gari litakuwa kwenye foleni. Fundi anatoa kichwa, anatazama wingu linaloshuka kutoka upande wa Timboroa, anagusa kidato kwa kiganja, na kumwambia aje saa nne.